Bendi Tuliyoipa Kisogo

SIKIO LANGU
Na Athumani Kidawa

Baba yangu, Mungu amrehemu, alifunga waya wa eriali kwenye mwembe. Jioni alizungusha mshale wa redio taratibu, na kati ya idhaa moja na nyingine zilipita sauti za ajabu: milio ya Morse, mara mtu anasoma tarakimu kwa lugha tusiyoijua. "Nyamazeni kwanza," alituambia.

Nimemkumbuka kwa sababu ya setilaiti moja. AMSAT-OSCAR 7 ilirushwa kutoka Vandenberg, California, Novemba 15, 1974, kwa ajili ya wanaredio wa ridhaa. Mwaka 1981 betri zake zilipiga shoti, ikanyamaza, ikahesabiwa imekufa. Juni 21, 2002, Pat Gowen wa Uingereza akanasa Morse ya polepole karibu na megahezi 146: HI HI, kisha tarakimu. Ilikuwa yenyewe! Ndani ya betri zile shoti ilikuwa imeachia, na umeme wa paneli za jua ukapata njia ya kufika kwenye mitambo bila kumezwa. Tangu hapo huamka ikiwa juani na kuzimika ikiingia kwenye kivuli cha dunia. Watu wamezungumza kupitia kwayo, Ulaya kwa Marekani, kwa chombo kilichokwisha kuzikwa vitabuni.

Humfikiria sana Gowen. Miaka 21 ya ukimya, na bado palikuwa na sikio kwenye bendi ile. Kama masafa yale yangekuwa yamegawiwa shughuli nyingine, nani angeisikia?

Sisi tuliipa kisogo bendi yetu, ile ya masafa mafupi, upesi mno. Januari 2011 BBC ilitangaza kuondoa Kiswahili kwenye masafa mafupi. Sababu ilikuwa kubana matumizi. Machi 2022, vita vilipoikumba Ukraine, BBC hiyo hiyo ikarudi kwenye masafa mafupi, kilohezi 15735 na 5875, saa nne kwa siku, ili habari zifike hata minara ikilipuliwa. Mawimbi hayo hayahitaji mnara wa jirani. Hupanda hadi tabaka la anga lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini maelfu ya kilomita mbali. Mvuvi aliye bahari kuu anayahitaji kuliko mimi niliyekaa mjini na simu mkononi, naye hakuulizwa.

Wako Wazungu waliokesha Ulaya wakisaka stesheni za mbali kwenye masafa hayo, wakashtukia taarabu. Ilikuwa Zanzibar, kilohezi 11735, bendi ya mita 25, kutoka mtambo wa Dole. Kisiwa kidogo kilifika kwao bila kebo wala setilaiti.

Wanaopanga bajeti za utangazaji wataniambia wasikilizaji wa masafa mafupi wamekwisha. Nawaomba wautunze mtambo wa Dole, vipuri vyake, na mafundi wanaoujua, na wawape vijana wawili watatu kazi ya kuurithi ufundi huo kabla wazee hawajastaafu.