Ujira wa Waliomchora Chui Milia



Tunaposikia kwamba filamu fulani imegharimu dola milioni 200, wengi wetu hudhani kuwa fedha hizo zimekwenda kwa waigizaji mashuhuri. Ni kweli kwamba wao hulipwa vizuri. Hata hivyo, katika filamu kubwa za zama hizi, fungu nono la bajeti hutumika kuunda kwa kompyuta wanyama, bahari, miji na vita ambavyo kamera haikuviona kamwe. Hapa tutaviita viinimacho. Swali letu la juma hili ni hili: je, wingi wa fedha hizo humhakikishia ujira yule anayekitengeneza kiinimacho?

Tutazame filamu ya Life of Pi, iliyoongozwa na Ang Lee na kutolewa mwaka 2012. Inamhusu kijana aliyenusurika meli ilipozama, akabaki baharini katika mashua pamoja na chui milia. Iligharimu takriban dola milioni 120. Bahari ile ilikuwa tangi kubwa la maji huko Taiwan. Chui naye, isipokuwa katika vipande vichache alipotumika mnyama halisi, alichorwa kwa kompyuta na wasanii wa karakana ya Rhythm & Hues ya Los Angeles. Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 600 duniani kote. Lakini tarehe 13 Februari 2013 karakana hiyo ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na wafanyakazi zaidi ya 200 wakapoteza kazi. Siku 11 baadaye kazi yao ikatunukiwa tuzo ya Oscar. Nje ya ukumbi mamia ya wasanii walikuwa wakiandamana. Ndani, Bill Westenhofer, msimamizi wa kazi hiyo, alipoanza kutaja masaibu ya karakana yake, muziki ulipigwa ili ashuke jukwaani na kipaza sauti kikazimwa. Wahenga walisema kweli: asante ya punda ni mateke.

Yawezekanaje filamu itajirishe studio na kumfilisi fundi wake? Jibu limo katika namna bajeti inavyopangwa. Studio huitisha zabuni, na karakana hutaja bei moja kwa kazi yote kabla ya kuianza. Tumfikirie fundi mwashi aliyekubali kujenga nyumba kwa bei maalumu. Ukuta umesimama, mwenye nyumba anasema dirisha lihamishwe. Kesho anataka paa liinuliwe. Keshokutwa anarudia wazo la kwanza. Fedha haziongezeki hata senti. Ndivyo ilivyo kwa viinimacho. Kila sekunde ya filamu ina picha 24, na badiliko dogo la mwongozaji laweza kufuta kazi ya majuma kadhaa. Wakati huohuo siku ya kuonyeshwa filamu imekwisha kutangazwa, nayo haisogezwi kwa urahisi. Kwa hiyo usiku wa wasanii ndio unaolipia kusitasita kwa wakubwa. Faida ikipatikana, kwa kawaida karakana haina fungu ndani yake.

Zaidi ya hayo, serikali za Uingereza na za majimbo ya Kanada hurudisha sehemu ya gharama kwa wanaopeleka kazi huko. Kazi huifuata ruzuku, na wasanii huifuata kazi, wakizihamisha familia zao kutoka mji hadi mji.

Huenda mtu akasema kwamba hayo yamepita. La hasha. Filamu ya The Lion King ya mwaka 2019, ambayo majina yake ya Simba na Rafiki yametoka katika lugha yetu, iliundwa karibu yote kwa kompyuta na karakana ya MPC. Karakana hiyohiyo ilitengeneza Mufasa, iliyotoka Desemba 2024. Februari 2025 kampuni mama yake, Technicolor ya Ufaransa, ilianguka, na maelfu ya wafanyakazi katika nchi mbalimbali wakaachwa bila kazi.

Hatusemi kwamba viinimacho ni vibaya, wala kwamba lazima vigharimu mno. Godzilla Minus One, filamu ya Kijapani ya mwaka 2023, iligharimu chini ya dola milioni 15. Wasanii 35 tu walitengeneza vipande 610 vya viinimacho, wakapata Oscar mwaka 2024. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyesimamia viinimacho, hivyo uamuzi ulitolewa papo hapo. Funzo tunalolipata ni kwamba kinachokula bajeti si mnyama mkubwa peke yake, bali pia mwenye kazi asiyejua anachotaka. Lakini tusishangilie urahisi wa bei bila kuuliza aliyeichora filamu hiyo alilipwaje.

Watetezi wa studio husema: karakana zilitia sahihi kwa hiari yao. Papa Leo XIII alikwisha kulijibu hoja hilo mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum, alipofundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Anayelazimishwa na shida hukubali hata kisichomtosha. Dawa inajulikana: badiliko lililoagizwa baada ya mkataba lilipiwe na aliyeliagiza, na wafanyakazi wawe na chombo cha kuwasemea. Septemba 2023 wasanii wa viinimacho wa Marvel walipiga kura kwa kauli moja kujiunga na chama cha wafanyakazi. Tunawapongeza.

Nasi tunaoajiri mafundi wa nyumba, washonaji na vibarua wa shamba, tujipime kwa kipimo hichohicho. Tukibadili kazi, tubadili na malipo.

Tukutane juma lijalo.