Kishale cha Nyuma Kimegoma, Lakini Kosa si la Mama

Mwaka huu wengi wa wenzangu chamani wameandika juu ya nidhamu, mapenzi na utunzaji wa misitu. Mimi kalamu yangu imekataa kuelekea huko. Nataka kuandika juu ya kile kishale kidogo kinachotazama kushoto, pale juu kwenye kivinjari cha mtandao, kile tunachobonyeza ili turudi tulikotoka. Usicheke. Ngoja kwanza nikusimulie.

Likizo ya Agosti nilimsindikiza Mama hadi saiba pale Litein, tukaombe basari ya ndugu yangu. Jina la tovuti yenyewe nalihifadhi. Mama alikuwa amechuma chai tangu alfajiri, akapimiwa majani kituoni, kisha tukapanda matatu viatu vyake vikiwa bado na matope. Fomu ilikuwa ndefu ajabu! Jina, kitambulisho, lokesheni, wadi, mapato ya mzazi, halafu sababu za kuomba msaada. Hizo sababu Mama alinitamkia neno kwa neno, nami nikiandika pole pole, kwa maana mengine yalikuwa mambo ambayo hata mimi mwanawe sikuwa nimewahi kuyasikia.

Tulipofika ukurasa wa nne tukagundua tumekosea tarehe ya kuzaliwa kule ukurasa wa pili. Nikabonyeza kishale. Lahaula! Ukurasa ukayumba kidogo, ukabaki palepale. Nikabonyeza tena. Palepale. Mara ya tatu nikabonyeza kwa hasira, mara mbili mfululizo, tukatupwa mpaka mwanzo kabisa. Fomu nyeupe pe, kama ambayo haijaguswa na mtu.

Mhudumu akatutazama, akasema, "Mama, hizi vitu hazitaki haraka. Mmefinya vibaya." Akatutoza pesa za saa nyingine. Na Mama akaomba msamaha. Ndiyo, akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda! Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Kuuliza si ujinga, basi shule zilipofunguliwa nilimsumbua mwalimu wa kompyuta mpaka akanieleza. Kumbe kishale hiki ni cha zamani. Kivinjari kiitwacho Mosaic, kilichotolewa mwaka wa 1993 na kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, tayari kilikuwa nacho. Siku hizo kazi yake ilikuwa rahisi. Kila ukurasa unaoufungua uliwekwa juu ya ule uliotangulia, kama sahani jikoni. Ukibonyeza nyuma, sahani ya juu inawekwa kando, unaiona ya chini yake. Basi.

Mambo yaligeuka pale tovuti zilipoanza kubadilisha yaliyomo bila kufungua ukurasa mpya. Gmail, iliyoanza mwaka wa 2004, ni mfano mzuri. Wewe unaona umepita hatua tano, kivinjari kinahesabu sahani moja tu. Ukirudi nyuma mara moja umetoka nje kabisa, kama mtu aliyetaka kurudi sebuleni akajikuta barabarani. Ili kurekebisha hayo, mnamo mwaka wa 2010 na 2011 vivinjari vilianza kuzipa tovuti uwezo wa kujiongezea sahani zenyewe. Nia ilikuwa njema. Lakini mpe mjanja ufunguo wa stoo uone! Baadhi ya tovuti za matangazo zilianza kurundika sahani tupu, ukibonyeza nyuma mara kumi bado unatazama tangazo lilelile. Wenye Chrome walichoka nao. Tangu mwaka wa 2019 kivinjari hicho huziruka sahani zilizoongezwa na tovuti kabla mtumiaji hajagusa chochote kwenye ukurasa.

Kisa chetu na Mama kilikuwa tofauti kidogo. Fikiria askari aliyesimama kwenye lango la kiwanda cha majani chai. Umefika kwake, anakuambia, "Pita lango lile jingine." Unaenda. Ukitaka kurudi ulikotoka, njia ni moja, inapita kwake. Akikuona tu, anakuambia tena, "Pita lango lile." Kuna kurasa za namna hiyo, hazina kitu ndani, kazi yao ni kukusukuma mbele. Ukirudi hatua moja unaangukia kwa askari, naye anakusukuma tena, mbio kiasi kwamba unadhani hukuenda popote. Nilipobonyeza mara mbili kwa haraka nilimpita askari kabla hajafungua kinywa. Bahati mbaya, nyuma yake hapakuwa na ukurasa wa tatu, palikuwa na mlango wa kuingilia, na fomu yetu haikuwa imehifadhiwa mahali popote.

Na wakati mwingine kishale hufifia kabisa, hakibonyezeki. Hapo aghalabu kiungo kimekufungulia dirisha jipya, nalo dirisha jipya halina nyuma, limezaliwa sasa hivi. Lifunge tu, utakuta ulikotoka pako palepale.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kuwa kurudi nyuma ni hatari, ni bora kuzuiwe. Nakubali kidogo. Sote tunajua karani wa majani hawezi kupima kikapu kimoja mara mbili, la sivyo mkulima alipwe kilo hewa. Vivyo hivyo, ukishalipa pesa mtandaoni kisha ukarudi na kutuma tena fomu ileile, unaweza kulipa mara mbili, ndiyo maana kivinjari hukuuliza kwanza kama kweli unataka kutuma upya. Na ukishatoka kwenye akaunti ya benki, sharti ule ukurasa usirudi, maana kiti cha saiba hakikai baridi, mwingine anakungoja uinuke.

Lakini tarehe ya kuzaliwa si malipo! Anayetengeneza fomu ya kurasa nne anaweza kuhifadhi kila ukurasa unapojazwa. Anaweza kuweka kitufe chake mwenyewe kilichoandikwa "Rudi". Hata wakubwa walishakiri kwamba kosa si la mtu wa kawaida. Mwaka wa 2016 Chrome iliondoa ile desturi ya ufunguo wa kufutia herufi kurudisha ukurasa nyuma, kwa sababu watu walikuwa wakifuta herufi moja wanapoteza fomu nzima. Hawakuwaambia watu wajifunze kufuta vizuri. Walibadilisha kifaa.

Kwetu sisi haya si mchezo. Tukimaliza kidato cha nne tutachagua vyuo kupitia KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB, yote mtandaoni, wengi wetu tukiwa kwenye saiba za Kericho, Sotik, Bomet na Kapkatet, saa inahesabiwa na matatu ya mwisho inapiga honi. Kwa hivyo shika hili. Kishale kikigoma, usikibonyeze ovyo kama nilivyofanya. Kibonyeze ukishikilie kidogo, orodha ya kurasa ulizopitia itateremka, umruke askari uchague unaoutaka. Na maelezo marefu yaandike kwanza kwenye karatasi.

Sisi tulijaza upya siku ileile. Zile sababu Mama alizitamka tena, lakini safari hii kwa ufupi, sauti ya chini, kwa kuwa saiba ilikuwa imejaa watu. Mengine hakuyarudia. Mpaka leo anaamini ni sisi tuliofinya vibaya. Likizo ya Desemba nitampelekea nakala ya jarida hili.