Nani Anajua Umetoka?

Ndugu zangu wa pwani ya magharibi ya Unguja, kuanzia Fumba hadi Nungwi: wavuvi, mabaharia, akina mama wa mwani, vijana mnaokodisha kayaki kwa wageni, na nyinyi wazee wetu wa madiko. Nina ombi moja, na nalileta kabla upepo wa kusi haujakaza. Kila diko liwe na daftari.

Daftari la kawaida la shule linatosha, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Anayetoka kwenda baharini aandike jina lake, chombo chake na rangi yake, wako watu wangapi, wanaelekea upande gani na saa ngapi watarudi. Akirudi, apige mstari juu ya jina lake. Na kila siku awepo mtu wa zamu wa kulitazama.

Binamu yangu alitoka alfajiri, peke yake na mtumbwi wake. Saa tatu asubuhi ukapinduka. Mama yake alidhani yuko mnadani, wenzake wa diko walidhani siku hiyo hakutoka, mkewe alidhani kapitia kwa mama yake. Tulianza kuulizana baada ya Magharibi. Mchana kutwa vyombo vilikuwepo ufukweni, injini zipo, watu wapo, na bahari ilikuwa ya kwendeka. Hapakuwa na aliyejua kwamba kuna mtu wa kutafutwa. Aliokotwa kesho yake na mashua iliyokuwa ikitoka Bagamoyo, ameukumbatia mtumbwi, midomo imepasuka kwa chumvi. Yu hai leo kwa kuwa hakuuachia.

Wengi wanaotoka kwetu siku hizi hawaijui bahari hii. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo upande wetu hutokea nchi kavu. Ukisimama ufukweni maji yametulia kama ya kwenye beseni, maana minazi na majumba yamekinga upepo. Mgeni anapanda kayaki akiwa na furaha, upepo unamsukuma mgongoni, anaona anajua kupiga kafi. Anapogeuza uso kurudi ndipo anapokutana nao. Kayaki ni nyepesi, hupeperushwa kama kifuu, na siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka karibu mita 4, mikondo nayo hukimbia kwa nguvu. Kutoka hapo, mbele yake ni bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 30.

Akipinduka, la kwanza ni kushika chombo, na kafi asiliachie. Kayaki hata ikipinduka huelea, na mtu wa kwenye ndege au mashua huiona kabla ya kukiona kichwa cha muogeleaji. Aigeuze, ajitupe juu kwa tumbo kutoka ubavuni, kisha ndipo avute miguu. Mwenzake asogeze kayaki yake ubavuni na kuishikilia isiyumbe. Ndiyo maana nasema watoke wawili. Ikishindikana kupanda, abaki ameishikilia, wala asijaribu kuogelea kwenda pwani inayoonekana karibu, kwa sababu machoni pa mtu aliye majini pwani siku zote huonekana karibu. Maji yetu ni ya vuguvugu, lakini saa nyingi ndani yake huuchosha mwili na kuupoza. Apulize filimbi. Akiona chombo, anyooshe mikono yote miwili ubavuni, aipandishe na kuishusha polepole. Ishara hiyo inajulikana na mabaharia wa dunia nzima.

Haya yote humsaidia kungoja. Lakini anamngoja nani?

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliowahi kufika kwa vyombo vyao, na watu 24 wakatoka hai. Walifika kwa sababu waliona. Mtu aliyepinduka peke yake nyuma ya mawimbi haonwi na yeyote. Daftari ndilo jicho lake.

Najua pingamizi. Mvuvi hapendi kutaja anakovua, na ana haki. Sehemu yenye samaki ni mali. Basi asiitaje. Aandike "kaskazini" au "kuelekea bara", na saa ya kurudi. Hiyo saa ndiyo tunayoihitaji kuliko yote.

Wenye hoteli nao waje kuandika kwenye daftari hilohilo. Nimewahi kufika hoteli moja nikakuta majaketi ya kuokolea yamefungiwa stoo, na mwenye ufunguo kaenda mjini, huku kayaki tatu ziko majini. Jaketi likae mwilini mwa mgeni, na filimbi ining'inie juu yake.

Tukubaliane pia juu ya mafuta. Kila penye msiba wa bahari nimeisikia ile sauti: nani atalipa petroli? Dakika za kulijibu swali hilo ni za mtu aliye majini. Kila chombo kitoe kidogo mnadani, tuweke dumu la lita 20 ambalo haliguswi kwa safari nyingine.

Saa iliyoandikwa ikipita kwa saa moja, mtu wa zamu asisubiri Magharibi. Apige 112, amwarifu sheha, aombe kikosi cha KMKM kijulishwe. Vyombo viwili vitoke pamoja, vielekee kule upepo unakopeleka, si kule mtu alikosema anakwenda tu. Watakaobaki ufukweni wakae na simu na daftari mkononi. Kazi ya zamu naona iwafae akina mama wa mwani, ambao maji yakitoka wao ndio wako pwani, na macho yao yanakijua kila chombo.

Diko letu tumeanza. Daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya mkungu, karibu na meza ya mnada, na dumu la petroli liko kwa mzee wa diko. Yeyote anayetaka kuanzisha kwao aje tukae naye, baada ya Alasiri siku yoyote.