Kompyuta ya zamani isitupwe, na disike yake isifutwe bila kuuliza

Katoto, Kamina. Kompyuta ya mezani, ama ordinatere kama wengi wanavyoiita, ikikataa kuwaka, shauri la kwanza mara nyingi ni: «Nunua ingine.» Shauri hilo ni jepesi kwa anayelitoa, lakini ni zito kwa anayelipa. Mashine ndogo yenye miaka kumi bado inaweza kuandika barua, kutayarisha mitihani na kutoa nakala. Mara nyingi haijafa. Imejaa vumbi, ama imekosa kipande cha bei ndogo.

Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Katika mashine za sekretariati mnalala nakala za kadi za mchaguzi, buletini za shule na diploma za watu. Kwa jamaa iliyohama makwao na kuacha kila kitu, nakala hiyo pengine ndiyo karatasi pekee iliyobaki. Fundi akifuta disike ili aweke Windows upya, karatasi hiyo inapotea mara ya pili. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: kabla ya kufuta, mwenye mashine aulizwe, na kazi zake zinakiliwe kwanza kwenye disike ingine. Hata mashine isipowaka, disike inaweza kutolewa na kusomwa katika mashine nzima.

Kisha matengenezo yafuate utaratibu, kuanzia yasiyolipiwa. Waya wa umeme uchomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe sekunde chache. Vumbi liondolewe kwa brosi laini na kavu, zaidi kwenye feni. Mashine inayojizima baada ya dakika chache mara nyingi inashindwa na joto. Ikipiga mlio bila kuonyesha picha, kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, itolewe, meno yake yasuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli, kisha irudishwe mpaka ishike vizuri. Saa ikirudi miaka ya nyuma kila mashine inapozimwa, batri ya duara CR2032 ya volti 3 imekwisha. Tarehe mbaya inaweza hata kuzuia kurasa za intaneti zisifunguke.

Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine, fundi asiyekijua asikifungue. Kinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Kama kina kibonyezo chekundu nyuma, kiwe kwenye 230, si 115. Na mahali umeme unapopanda na kushuka, regilatere ni ya lazima kuliko kioo kipya.

Makuta yakipatikana, ya kwanza yaende kwenye disike ya SSD, ambayo haina kipande kinachozunguka. Kwa mashine inayochelewa kuwaka, hakuna badiliko linaloonekana zaidi. Ya pili yaende kwenye RAM. Mnunuzi aende dukani na kadi ya zamani mkononi, kwa sababu DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Kipande kikiagizwa Lubumbashi, kosa hilo linagharimu safari mbili.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Hiyo nayo si sababu ya kuzitupa. Linux Mint ni ya bure, inaridhika na GB 4 za RAM, na LibreOffice iliyomo inafungua barua nyingi za Word. Ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme mwaka 2022, na hata robo yake haikukusanywa vizuri. Kamina haina haja ya kuongeza fungu lake.

Shule na parokia zenye mashine zilizolala ndani ya depo zingefanya vema kuzitoa na kuwapa vijana wajifunze, wa mtaa pamoja na wale wa jamaa zilizohama. Bisibisi moja, brosi na fundi mwenye uvumilivu vinatosha kwa kuanza. Nazo sekretariati, hata leo, zinakili karatasi za wateja kwenye disike ya pili, na kuiweka mbali na mashine.