Korongo wa Ruma hawataokolewa na uzio pekee

Kama ulisomea Homa Bay au Migori, kuna uwezekano siku moja mlijazana kwenye basi la shule mkapelekwa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kule bonde la Lambwe. Mliona twiga, mkapiga kelele, mkarudi nyumbani na vumbi. Sasa tukuulize: korongo ulimwona? Hatusemi yule ndege wa miguu mirefu, wala korongo la mto. Tunasema yule swara mkubwa mwenye masikio marefu kama ya punda, uso mweusi wenye mabaka meupe, na pembe zilizopinda kwenda nyuma.

Pengine hukumwona, na si kosa lako. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka 2021, ilihesabu korongo 15 katika Kenya nzima. Wote walikuwa Ruma. Idadi hiyo haitoshi hata timu mbili za kandanda.

Haikuwa hivi kila wakati. Korongo waliwahi kuishi Mara, hapo tu ng'ambo ya Migori, na hata milima ya Ithanga karibu na Thika. Wa Ithanga walihamishiwa Shimba Hills, Kwale, miaka ya 1970, wakafia huko hadi wa mwisho. Lambwe ilitengwa mwaka 1966 kama hifadhi, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, na katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na korongo wapatao 200 kwenye bonde hilo. Kisha mitego ya waya ikafanya kazi yake, mashamba yakasogea, na kundi likapungua taratibu bila kelele. Tembo akifa, dunia inajua. Korongo akifa, anayejua ni mwenye sufuria.

Siku hizi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limewatengea korongo eneo lao lenye uzio ndani ya mbuga, na tunalipongeza kwa hilo. Lakini kila mara habari hizi zikiandikwa, hesabu ni ya vichwa tu: walikuwa wangapi, sasa ni wangapi. Sisi tunasema kuna hesabu nyingine ambayo haionekani kwa darubini, nayo ni ya damu.

Wewe hii unaijua bila kwenda chuo. Kijana wa hapa Nyanza akimpenda msichana, swali la kwanza la nyumbani si kazi yake wala uzuri wake. Wazee watauliza: huyo ni wa wapi, ukoo gani? Mkipatikana ni wa ukoo mmoja, omera, mapenzi yaishie hapo hapo. Na nyanya yako anayefuga kuku wa kienyeji hawezi kumwacha jogoo mmoja apande mabinti zake na wajukuu zake mwaka baada ya mwaka. Atabadilishana jogoo na jirani, kwa sababu aliona vifaranga vikizaliwa dhaifu na mayai yakikosa kuanguliwa.

Korongo wa Ruma hawana jirani wa kubadilishana naye.

Twende polepole hapa, maana ndipo penye uzito. Kila mnyama hubeba jeni kutoka kwa mama na baba. Katika kundi kubwa kuna aina nyingi za jeni: mmoja anavumilia ukame, mwingine anapona ugonjwa unaowaua wenzake. Kundi likiwa dogo, aina hizo hupotea kwa bahati mbaya tu, na ikishapotea hairudi kwa sababu eti mvua imenyesha. Tena korongo si wanyama wa kila mtu na wake. Dume mmoja mwenye nguvu hulinda majike wake na kuwafukuza madume wengine. Chukua mfano wa dume mmoja na majike saba. Kwa macho ni wanyama wanane. Kwa kanuni ya wataalamu wa jeni, unazidisha nne kwa idadi ya madume, kisha kwa idadi ya majike, halafu unagawanya kwa jumla yao. Unapata 3.5. Kundi hilo la wanane linapoteza utofauti wake kama kundi la wanyama watatu na nusu, na kila kizazi sehemu moja kati ya saba ya utofauti uliobaki inaenda. Ongeza dume wa pili anayezaa kwa majike hao hao, na hasara inashuka hadi karibu sehemu moja kati ya kumi na mbili. Dume mmoja tu! Ndiyo maana tunasema uzio ni nusu ya kazi.

Tazama ngamia. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa jeni za ngamia wa nundu moja zaidi ya 1,000 kutoka nchi mbalimbali. Mababu zao wa porini walishatoweka, lakini ngamia wa kufugwa bado wana utofauti mzuri, na sababu kubwa ni misafara ya biashara iliyowatembeza jangwani kwa karne nyingi wakichanganyika. Korongo wetu hana msafara. Nje kuna mashamba na miji, na katikati kuna waya wa umeme.

Basi msafara uundwe na binadamu. Madume waletwe kutoka nje. Kuna watakaosema hilo ni kuchafua damu ya korongo wa Kenya. Florida, Marekani, walibishana vivyo hivyo kuhusu chui wao wa milimani, waliobaki 20 hadi 30 hivi, wakiwa na mikia iliyojikunja na mioyo yenye kasoro. Mwaka 1995 wakaleta majike wanane kutoka Texas. Leo wanyama hao wamepita 100.

Ila si kila korongo anafaa, na hapa haraka haifai. Watafiti wa jeni wameonyesha kwamba korongo wa Afrika Magharibi wametofautiana sana na wenzao wa mashariki na kusini, kwa hivyo hao waachwe kwao. Halafu kuna mbung'o. Lambwe ilijulikana kwa malale kabla hata wazazi wako hawajakutana. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya, lakini mbung'o na nagana ya mifugo ni habari nyingine. Ukimleta korongo aliyelelewa kwenye ranchi isiyo na mbung'o, unaweza kuwa umemletea kifo. Tanzania wako korongo wanaoishi na mbung'o tangu zamani, kule Katavi, Ugalla na Ruaha. Kwa maoni yetu mazungumzo yaanzie Dodoma, na utaalamu wa mbung'o hata usitafutwe mbali: kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiko Mbita, kaunti hii hii.

Tunajua utakachouliza. Mama anayelima kando ya mbuga, anayewaogopa mbung'o kwa ajili ya ng'ombe wake, korongo hawa wachache wanamsaidia nini? Swali ni halali, na halijibiwi kwa mabango ya "linda mazingira". Linajibiwa kwa kazi. Mbuga inahitaji askari, waongozaji wageni na wa kukagua uzio kila asubuhi, na nafasi hizo zikitangazwa tunataka kuona majina ya vijana wa Lambwe, Ndhiwa na Suba. Kijana mwenye mshahara wa mbuga hatafumba macho binamu yake akitega waya.

Kwa KWS tunaomba jambo moja lililo wazi: pamoja na idadi ya vichwa, tangazeni kila mwaka ni madume wangapi waliozaa, ndama wangapi waliofika mwaka mmoja, na vipimo vya jeni vinasema nini. Vifaru weupe wa kaskazini pale Ol Pejeta walihesabiwa vizuri sana. Sudan alikufa Machi 2018, na waliobaki ni majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Korongo wa Ruma bado wana madume.