Acheni Kumwita Malkia

Kila Machi 8 simu yangu hujaa michoro ya karne ya 19: mwanamke wa Kiafrika, shingo ndefu, bangili hadi kiwikoni, na chini yake maandishi, "Malkia wetu." Nani kasema ni malkia? Bangili?

Twende Karagwe, Kagera ya leo. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mukama Rumanika. Huko wanawake wa ukoo wa kitawala walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama wenyewe. Unene ndio uliokuwa uzuri, na ndio uliokuwa cheo. Speke akampima shemeji mmoja wa Rumanika: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Vipimo tunavyo, jina hatuna. Kitabu kilitoka London mwaka 1863, kikiwa na picha zilizotokana hasa na michoro ya Grant, na mama yule akawafikia Waingereza kama kioja.

Hapo ndipo wenzangu hurukia jibu: si kioja, ni malkia! Lakini Speke anasimulia pia binti wa mama huyo, wa miaka 16, aliyekaa uchi akinyonya chungu cha maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Uzuri ule ulisimamiwa kwa fimbo. Na maziwa hayakujikamua: kuna watu waliochunga na kukamua ili mmoja akae tu. Ukimvika mama yule taji, unamfuta binti yake, unawafuta na wakamuaji. Mzungu aliandika "kioja", wewe unaandika "malkia", na hakuna kati yenu aliyemuuliza lolote.

Hapa Ilomba kuna kijana anayechora sura za watu kwa penseli kutoka picha za simu. Jumamosi moja nilikaa kwenye benchi lake. Akaja mama muuza mchele.

"Mwanangu, nipunguzie mashavu. Halafu niwekee hereni kubwa."

"Za dhahabu, mama?"

"Sasa penseli ina dhahabu? Wewe weka, wataelewa."

Hereni hizo hana. Zikachorwa. Miaka mia ijayo msomi kama mimi ataandika kwamba mchoro unaonyesha mwanamke wa tabaka la juu Mbeya, na atapata alama nzuri.

Tofauti ni kwamba mama wa mchele alilipa, akaamuru, na akacheka. Shemeji wa Rumanika alipimwa. Kwa hiyo kabla hujaandika neno chini ya mchoro, uliza: nani aliutaka, nani alishika penseli, nani kaachwa nje ya karatasi? Ukikosa majibu, andika "mwanamke, jina halijulikani". Hiyo ndiyo heshima tuliyo na uwezo wa kumpa bila kumdanganya.