Kisu cha Askari na Kazi Yake

Mwezi huu tuzungumuze juu ya kitu kidogo kinacholala katika masanduku ya wababa wengi, na vijana wanakipenda sana: kisu cha askari. Vijana wanauliza kila mara: "Pasta, ile kisu ya Rambo iko ya kweli?" Na wamama wanauliza kwa sauti ya chini: "Baba wa batoto alitoka mu jeshi tangu zamani. Juu ya nini hataki kuachana na ile kisu yake?" Maulizo haya mawili ni ndugu. Tuyajibu pamoja.

Kilizaliwa namna gani?

Katika vita vikubwa vya 1914 mpaka 1918, askari walikaa miezi na miezi ndani ya mitaro. Kwa 1918 Wamarekani wakatengeneza kisu cha mitaro. Mupini wake ulikuwa wa shaba ya njano, wenye matundu manne ya kuingiza vidole, kusudi mutu apige ngumi pamoja na kuchoma. Shaba ya njano ni shaba yetu iliyochanganywa na zinki. Watu wa Kipushi wanazijua zote mbili. Kisu kile kilikuwa cha kuua tu. Kukata kamba, kufungua kopo, kuchonga muti, hakikuweza vizuri. Chuma chake kilikuwa chembamba, kikavunjika.

Vita vya pili vilipokuja, shaba ya njano ilitafutwa kwa nguvu sababu maganda ya risasi yanatengenezwa nayo. Shaba ya Katanga vilevile ilisafirishwa kwenda kusaidia vita ile. Basi haikufaa tena kuimalizia kwenye mipini ya visu. Ndiyo maana askari wa bahari wa Marekani, wanaoitwa Marines, wakatafuta kisu kingine. Wakubwa wao wakakaa pamoja na mafundi wa kompani Camillus ya New York, na kwa 1942 kisu kipya kikakubaliwa.

Angalieni vile kilitengenezwa. Chuma chake kina urefu wa karibu santimetre 18, tena ni kinene. Mupini ni vipande vya ngozi ngumu, vya mviringo, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa sana, kusudi mukono wenye jasho usiteleze. Chuma kilipakwa dawa ya kukifanya cheusi kisiangaze kwenye jua. Watu wanakiita Ka-Bar, kwa jina la alama ya kompani moja ya mji wa Olean iliyokitengeneza vilevile.

Na askari walikitumia kwa kazi gani? Hapa vijana wanashangaa. Kilitumika kupigana, ni kweli. Lakini kazi zake za kila siku zilikuwa kufungua makopo ya chakula, kuchimba shimo la kulala, kukata majani na kamba, kupasua sanduku za mbao. Kwa hiyo askari walikipenda. Wengi walirudi nacho nyumbani, wakaendelea kuwinda nacho na kuvua samaki.

Upande wa Uingereza kulikuwa kisu kingine, cha makomando. William Fairbairn na Eric Sykes, waliokuwa zamani polisi mu mji wa Shanghai kule China, walikifikiri, na kompani Wilkinson ikakitengeneza. Kilikuwa chembamba, chenye ukali pande mbili na ncha kali sana. Kwa kuua, hakuna aliyekilaumu. Lakini askari aliyetaka kufungua kopo nacho alivunja ncha. Leo picha ya kisu kile iko kwenye alama za makomando. Kimekuwa kitu cha ukumbusho zaidi kuliko cha kazi.

Kisu cha rubani

Sasa tufike kwa kisu cha kuokoa maisha. Mwisho wa miaka ya 1950 Wamarekani walifikiri juu ya rubani ambaye ndege yake imeanguka katika pori ao mu bahari. Wakamutengenezea kisu kifupi, na nyuma kidogo wakakifupisha tena mpaka karibu santimetre 13. Mugongo wake una meno ya musumeno. Watu wengi wanazani ni ya kukata miti. Hapana! Ni ya kupasua ngozi ya ndege, ile ya aliminiumu, kusudi mutu aliyefungiwa ndani apate njia ya kutoka. Kichwa cha mupini ni cha chuma, cha kupigia sawa nyundo. Pale mbele ya mupini kuna matundu madogo ya kufungia kisu kwenye fimbo kiwe mukuki. Na juu ya ala yake kuna mufuko mudogo wenye jiwe la kunolea. Marubani wengi walikuwa nacho katika vita vya Vietnam.

Munaona? Kila alama kwenye kisu kile ni jibu la taabu fulani. Hakuna kilichowekwa kwa kupendeza macho. Hata kisu kinachofungwa kwenye bunduki ya Kalashnikov, ile ya mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea, kiko na tundu katikati ya chuma. Tundu lile linashikwa kwenye ala yake, vyote viwili vinakuwa makasi ya kukata waya.

Na kile cha Rambo?

Vijana, sinema ile inaitwa First Blood, na ilitoka kwa 1982. Kisu chake kilitengenezwa na fundi mumoja wa Arkansas, Jimmy Lile. Mupini wake uko wazi ndani sawa bomba, na ndani mulitiwa viberiti, uzi na sindano, na ndoana za samaki. Basi jibu langu ni hili: ndiyo, kisu kile kilikuwa cha kweli, na fundi alikuwa fundi. Lakini nyuma ya sinema, soko la dunia lilijaa visu vya kuiga, vya bei ndogo. Katika kisu kizuri, chuma kinaingia ndani ya mupini mpaka mbali. Katika vile vya kuiga, chuma kinaishia mwanzoni mwa mupini, pale kimeshikwa na skuru kidogo tu. Ukikitegemea ndani ya shimo, siku utakapokikaza kwa nguvu kitaachana na mupini, na mukono wako utakuwa pale pale kwenye ukali. Mupanga wa mama wa shamba ni salama kuliko kile.

Tena niwaulize jambo: mulikumbuka kisu, lakini mulikumbuka mwisho wa sinema? Rambo ni askari aliyerudi kutoka Vietnam. Hakuna mutu anayemupokea. Anatembea peke yake, polisi wa mji mudogo wanamusukuma na kumupiga. Na mwisho, mutu ule mwenye nguvu anakaa chini na kulia sawa mutoto, akitaja rafiki yake aliyekufa mbele ya macho yake. Watu walinunua kisu. Machozi, hakuna aliyeyanunua.

Kwa wamama, na kwa jamaa yote

Hapa tunafika kwa ulizo la wamama. Katika inchi yetu, vita vya 1996, na vile vya 1998 mpaka 2003, na vita vingine nyuma yake, vilirudisha wababa na makaka nyumbani na mambo mengi ndani ya moyo. Kisu kile ndani ya sanduku kinaweza kuwa kitu cha pekee kilichokaa naye usiku wote ule. Pengine kilikuwa cha rafiki asiyerudi. Kukitupa kwa siri hakutamuponyesha. Kutamufanya azani jamaa yake inamuogopa. Hata upanga wa Goliati, nyuma ya vita, haukutupwa. Ulifungwa katika nguo na kuwekwa pahali pake mu nyumba ya makuhani.

Basi mama, usianze na kisu. Anza na mutu. Umuulize siku moja ametulia: "Baba, hii kisu ilikusaidia wapi?" Kisha nyamaza, umusikilize. Akiacha kusema, usimukaze. Lakini kama anakitoa wakati wa hasira, kama analala nacho chini ya kichwa, kama batoto wanaogopa kupita karibu naye, ile si ukumbusho tena. Usikae kimya. Utoke na batoto kwanza, kisha uende kwa munganga na kwa wazee munaowaamini. Kuomba musaada kwa ajili ya mume wako si kumuuza.

Na wewe baba, ukichunge vizuri. Usikiache ndani ya ala ya ngozi mwaka muzima: ngozi inashika maji ya hewa, na chuma kinapata kutu. Ukipake mafuta kidogo, ukifunge katika nguo kavu, ukiweke pahali mutoto hafiki. Ukimupa mutu, umupe upande wa mupini. Na usiende nacho mu baa hata siku moja. Kule pombe ndiyo inashika mupini.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani

1. Kisu cha 1918 na kile cha 1942: ni kipi kiliachwa haraka, na sababu gani?
2. Kijana anayetembea na kisu mu kiuno anaogopa nini?
3. Mu jamaa yetu, ni nani aliyerudi kutoka vita na hatujamuuliza habari yake mpaka leo?